Hesabu hazikuanza siku uliposhuka ndege

Haya niliyasema Jumamosi moja kwenye ukumbi wa jumuiya yetu hapa Texas, mbele ya wazazi na vijana wanaojiandaa kuingia chuo cha jamii. Walioniomba niyaandike ni wale waliokuwa zamu kazini siku ile. Utani mwingine nimeuacha hukohuko ukumbini, mwingine umebaki.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zetu wa Bukavu na Uvira najua shikamoo si salamu yenu sana, basi jambo, na habari ya siku mingi. Kina mama, asanteni kwa sambusa. Niliambiwa kila mtu mbili, mimi nimekula tatu, kwa hiyo kuna mtu humu ana moja. Hapo somo la kutoa tumeshalimaliza.

Nafundisha hisabati kwenye chuo cha jamii. Kwa wageni wa mambo haya, hivi ni vyuo vya umma vya miaka miwili. Cha kwanza kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901, na leo viko kila pembe ya Marekani. Ada yake ni nafuu, na ukimaliza unaweza kuhamia chuo kikuu na masomo yako. Mimi navipenda kwa sababu moja zaidi. Kwenye korido moja ya jengo letu, chumba cha kushoto kuna mtu wa miaka 50 anagawanya 84 kwa 6, na chumba cha kulia kuna kijana anapiga kalkulasi. Saa ya mapumziko wanakutana kwenye mashine ya kahawa, wote wawili wanalalamika kuhusu mimi.

Kati ya vyumba hivyo viwili kuna ngazi, na ngazi hiyo ndiyo iliyonileta hapa leo. Kidato cha chini kabisa ni hesabu za kawaida: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, sehemu, desimali, asilimia. Juu yake kuna somo la maandalizi ya aljebra. Halafu aljebra ya mwanzo, aljebra ya kati, aljebra ya chuo, kisha maandalizi ya kalkulasi pamoja na trigonometria. Baada ya hapo ndipo unaikuta kalkulasi yenyewe. Hivyo ni vidato sita kabla ya kalkulasi. Kila kidato muhula mmoja, mihula miwili kwa mwaka, ina maana miaka mitatu unapanda tu.

Mimi nilipandishwa ngazi hiyo kwa nguvu. Nilitoka Tanga na kidato cha sita cha sekondari, nimesoma BAM (Basic Applied Mathematics, hisabati ya kidato hicho), siyo kwamba nilikuwa bingwa lakini nilijua ninachofanya. Nilipofika huku nilipata kazi ya usiku ghalani. Siku ya mtihani wa kupangiwa darasa nilitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu nikakaa mbele ya kompyuta. Nikadhani ni fomu nyingine tu katika zile fomu zisizokwisha. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikataka kwenda kulala. Majibu yakatoka: kidato cha pili kutoka chini. Chuo hicho sikitaji jina, maana kilifuata utaratibu uliokuwa wa kawaida siku hizo. Nilisoma mihula mitatu kufika mahali nilipokuwa tayari siku niliposhuka ndege. Nililipa ada ya mihula yote mitatu, na hakuna hata krediti moja iliyohesabiwa kwenye shahada yangu. Masomo ya chini ya kiwango cha chuo hayahesabiwi. Unalipa, unasoma, unafaulu, na bado shahada yako haijaanza.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana tumekuja kwa ajili hiyo. Tuseme watu 100 wameanzishwa vidato vitatu chini ya kiwango cha chuo. Tuseme kila darasa linafaulisha watu 70 kati ya 100, ambayo wala si matokeo mabaya. Na tuseme katika waliofaulu, 80 kati ya 100 wanajiandikisha muhula unaofuata, kwa sababu wengine gari limeharibika, mwingine kapata mtoto, mwingine kabadilishiwa zamu. Darasa la kwanza wanafaulu 70. Wanaorudi ni 56. Darasa la pili wanafaulu 39. Wanaorudi ni 31. Darasa la tatu wanafaulu 22. Katika mia tulioanza nao wamebaki 22, na hapo ndiyo kwanza wako mlangoni pa somo la kwanza linalohesabiwa. Hakuna darasa hata moja lililokuwa gumu kupita kiasi. Ngazi ilikuwa ndefu, basi.

Namba hizo nimezitunga kwa mfano, lakini za kweli hazipishani nazo sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha kazi yao mwaka 2010 baada ya kuwafuatilia wanafunzi wa vyuo vya jamii wa majimbo kadhaa. Waliopangiwa vidato vya chini kabisa vya hisabati, waliomaliza ngazi hiyo ya maandalizi walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Na wengi hawakuanguka mtihani wowote. Waliacha katikati ya darasa moja na jingine, au hawakuanza kabisa.

Ndiyo maana majimbo yakaanza kuikata ngazi. California walipitisha sheria mwaka 2017, Texas nasi mwaka huohuo. Utaratibu wa sasa ni kwamba badala ya kukurudisha nyuma mihula mitatu, wanakuingiza moja kwa moja kwenye somo la kiwango cha chuo, na pembeni yake wanakuwekea darasa la msaada, muhula uleule. Jumatatu unasoma takwimu, Jumanne unakaa na mwalimu kwenye darasa la msaada, anakukumbusha asilimia unazozihitaji kwa takwimu za Jumatano.

Nilipousikia utaratibu huu mara ya kwanza sikuupenda, nasema ukweli. Nimefundisha kalkulasi miaka mingi na najua kinachowaangusha watu mle ndani. Ngojeni niwaonyeshe, maana watu huzungumzia kalkulasi kama jini.

Tunakodi basi kwenda harusini San Antonio. Basi ni dola 600. Tukiwa watu 10, kila mmoja analipa 60. Akija wa kumi na moja, nauli inashuka hadi 54.55, kila mtu kaokoa dola tano na ushei. Tukiwa 20, kila mmoja 30. Akija wa ishirini na moja, inakuwa 28.57, umeokoa dola moja na senti 43. Tukiwa 40, kila mmoja 15, akija mwingine unaokoa senti 37 tu. Wale wanaosimamia michango mnalijua hili bila mwalimu. Watu wa mwanzo kuingia kwenye mchango ndio wanaompa kila mtu ahueni, wa mwisho wanaongeza kelele ndani ya basi.

Kalkulasi inauliza swali moja: tukiwa watu x, nauli inashuka kwa kasi gani? Nauli ni 600/x. Ongeza watu h, inakuwa 600/(x+h). Toa ya kwanza kutoka ya pili, halafu gawanya kwa h. Kutoa sehemu mbili lazima asili, zile namba za chini, zilingane, ndivyo tulivyofundishwa, kwa hiyo asili ya pamoja ni x(x+h). Juu unapata 600x − 600(x+h), yaani −600h. Ukigawanya kwa h, h ya juu inakatika, inabaki −600 juu ya x(x+h). Sasa iache h ipungue, ipungue mpaka iwe kama haipo. Kinachobaki ni −600 juu ya x mara x. Weka 20: mia sita kwa mia nne, dola moja na nusu. Weka 10: dola sita. Linganisheni na tulizopata kwa basi. Tano na ushei, moja na senti 43. Hazilingani sawasawa kwa sababu mtu hawezi kupanda basi nusu, lakini zinakaribiana.

Sasa hesabuni mistari. Kalkulasi ilikuwa mstari mmoja tu, ule wa kuiacha h ipungue. Iliyobaki yote ni sehemu, zilezile za shule ya msingi, ila zimevaa herufi. Na mwanafunzi wangu anaangukia hapohapo kwenye sehemu. Anaandika 600/(x+h) ni sawa na 600/x kujumlisha 600/h. Namwambia, haya, weka 10 na 20. Basi lina watu 30, nauli ni dola 20. Kwa hesabu yako wewe ni 60 jumlisha 30, dola 90 kila mtu. Umeongeza abiria na nauli imepanda! Hapo anacheka, anafuta, na sijawahi kuona mtu akirudia kosa hilo wiki ileile. Wiki ya pili, ndiyo, anarudia.

Basi nilikuwa nauliza: kama sehemu ndizo zinazowaangusha kwenye kalkulasi, tutawaondoleaje watu darasa la sehemu? Jibu nililipata kwa kukaa kwenye darasa la msaada mwenyewe. Mtu akifundishwa sehemu Januari, kwa kurasa na kurasa za mazoezi yasiyo na pa kwenda, kufika Septemba zimeshatoka kichwani. Akifundishwa leo kwa sababu kesho anazihitaji kwenye basi la San Antonio, zinakaa. Si kwa wote, na yupo ambaye kweli anahitaji kuanza chini taratibu, hasa kama vita ilimtoa shuleni akiwa darasa la tatu. Huyo asione aibu, wala asisukumwe. Lakini wengi niliokutana nao kwenye kidato cha chini hawakustahili kuwa pale.

Kwa nini wanapangwa chini, sasa? Mara nyingi ni lugha, na ni mwandiko.

Mama mmoja wa Bukavu, anasomea uuguzi. Swali lilikuwa hivi: daktari ameandika miligramu 375, dawa ya maji iliyopo ina miligramu 250 kwa kila mililita 5, mgonjwa apewe mililita ngapi? Mama yule alipiga kichwani: 375 ni 250 mara moja na nusu, tano mara moja na nusu ni saba na nusu. Hakugusa kalamu. Akaandika kwenye kompyuta 7,5 kwa mkato, kama alivyofundishwa Kongo na kama Wafaransa wanavyoandika. Kompyuta ikasoma majibu mawili, saba na tano. Kosa. Akajaribu tena, kosa. Mara ya tatu akabadilisha jibu lenyewe, akaandika 8, kwa sababu alianza kujishuku. Nilimkuta analia kimyakimya. Nilichukua kalamu nikachora nukta, nukta moja tu, hapo hapo kwenye daftari lake.

Ndugu wa Kongo, Burundi na Rwanda, shikeni hilo: huku desimali ni nukta, na mkato ni wa kutenganisha maelfu. Na ile moja yenu yenye mkia mrefu mbele, Mmarekani anaisoma saba. Saba yenu yenye mstari katikati haina shida, endeleeni nayo.

Na sisi wa Tanzania tusijione. Tuna MAGAZIJUTO yetu, ya kukumbuka kipi kinaanza kwenye hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Wenzetu Wakenya wana BODMAS, Wamarekani wana PEMDAS, ambayo inaweka kuzidisha kabla ya kugawanya. Watu wanagombana kuhusu hilo mpaka nje ya darasa. Ukweli ni kwamba kugawanya na kuzidisha cheo chao ni kimoja, unaanza na kilicho kushoto. Kujumlisha na kutoa pia. Andika 10 − 4 + 3. Aliyekariri MAGAZIJUTO bila kuelewa anajumlisha kwanza, nne na tatu saba, kumi toa saba tatu. Jibu ni tisa. Swali la namna hiyo nimeona likimshusha mtu kidato kizima.

Kingine ni kwamba sisi tunazo hesabu ambazo mtihani hauziulizi. Wazee wa pwani humu ndani, nikisema robo, thuluthi, sudusi, thumuni, ushuri, mnazijua, na wala hamkuzipata shuleni. Kibaba ni robo ya pishi. Sumni ilikuwa senti hamsini, ingawa neno lenyewe asili yake ni sehemu ya nane, hapo sijui tumlaumu nani. Na sheikh anayegawa mirathi anafanya kazi ambayo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaikimbia. Marehemu kaacha mke, mama na watoto. Mke ana thumuni, yaani sehemu ya nane, mama ana sudusi, sehemu ya sita. Sheikh anatafuta namba inayogawanyika kwa nane na kwa sita, anapata 24. Mke mafungu matatu, mama manne, yamebaki 17 ya watoto. Hiyo ni KDS kamili, kigawe kidogo cha shirika, kafanyia kwenye jamvi.

Na mjue, hii si bahati. Al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake cha aljebra kule Baghdad, yapata mwaka 820, sehemu kubwa ya kitabu ilihusu kugawa mirathi na wasia. Jina aljebra limetoka kwenye kichwa cha kitabu hicho. Kwa hiyo kijana akiniambia aljebra haina kazi maishani, namwambia ilianzia kwenye ugomvi wa shamba.

Sasa mambo ya kufanya, niyapitie haraka, sambusa zinapoa.

Kwanza, jua unahitaji hisabati ipi. Si kila mtu anaelekea kwenye kalkulasi. Hapa Texas namba za masomo zinasomeka: tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni idadi ya krediti. MATH 1314 ni aljebra ya chuo, mwaka wa kwanza, krediti tatu. MATH 2413 ni kalkulasi ya kwanza, mwaka wa pili, krediti nne. Takwimu ni MATH 1342. Ukiona namba inaanza na sifuri, hilo ni somo la maandalizi, uliza kabla hujatoa pesa. Anayesomea uuguzi au ustawi wa jamii mara nyingi anatakiwa takwimu. Anayetaka uhandisi, huyo kalkulasi haikwepeki, na njia yake inapita kwenye aljebra ya chuo. Nimekutana na kijana aliyesoma aljebra ya chuo akaianguka mara mbili, na kumbe kozi yake ilihitaji takwimu tu. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Mshauri ana wanafunzi wengi, kwa hiyo muulize kwa maneno haya: chuo kikuu ninachotaka kuhamia, kwa kozi hii, kinadai hisabati ipi? Akikujibu, mwombe akuonyeshe pameandikwa wapi.

Pili, mtihani wa kupangiwa darasa. Kwetu unaitwa TSI. Sehemu ya hisabati inaanza na maswali 20, na alama 950 zinakupitisha. Hauna kikomo cha muda. Narudia kwa ajili ya wanaotoka zamu: hauna kikomo cha muda. Kompyuta inabadilisha maswali kulingana na unavyojibu, kwa hiyo yakiwa magumu usiogope, huenda ni dalili kwamba unafanya vizuri. Lala kwanza. Kula. Fanya mazoezi wiki mbili tatu. Ukiwa na karatasi zako za matokeo kutoka nyumbani, peleka ofisini, zitafsiriwe, ziulizwe. Yangu nilikuwa nayo kwenye sanduku muda wote ule, chini ya mashati.

Tatu, ruzuku ya Pell, ile pesa ya serikali ya Marekani ya kusaidia kulipia chuo, kwa wanaostahili ina mwisho wake: mihula 12 maishani mwako mwote. Ukitumia minne kwenye masomo ya sifuri, imebaki minane, na shahada ya miaka minne inataka minane kamili. Hakuna muhula wa kuumwa hapo.

Tumekubaliana na uongozi wa jumuiya kwamba kila Jumamosi nitakuwa hapa na penseli na karatasi. Hakuna ada. Mje na swali lenu, hata kama ni kazi ya mtoto wa darasa la nne iliyowashinda mezani, hiyo nayo tunaifanya. Wanaojua zaidi wakae na wasiojua. Yule mama wa Bukavu amemaliza takwimu muhula uliopita, na ameahidi kusimamia meza ya desimali.

Tangazo limeandikwa 2:00, kwa saa zao. Kwa saa zetu ni saa nane mchana. Juma lililopita kuna mzee alisoma mbili, akafika saa mbili asubuhi, akakuta kufuli. Mzee wangu, uko pale nyuma nakuona, samahani sana. Jumlisha sita.